Udongo kwanza, lami baadaye: barua ya wazi kwa wakuu wa jiji la Portland, jimbo la Maine, Marekani

Kwa Mheshimiwa Meya, Waheshimiwa Madiwani, Meneja wa Jiji, na kila mwenye penseli ya kuchora barabara za Portland.

YAH: MITI YA FRANKLIN STREET NA MTAA WA ZAMANI WA WAITALIANO

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Kule nilikokulia, Kigoma, barua kwa mkubwa huanza hivyo, nami sijaona mwanzo unaoushinda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, jirani zangu wengi wanaopita Franklin kila siku kwa miguu ni watu wa Uvira, Bukavu, Goma na Bujumbura, na nataka waisome wao kabla yenu. Pili, nimewatafsiria watu fomu za Kiingereza kwa miaka. Safari hii kazi ya kutafuta mkalimani naomba iwe yenu.

Ombi lenyewe ni fupi. Mpango wa kuibana Franklin Street, ile barabara pana inayoshuka kutoka barabara kuu hadi bandarini, umezungumzwa miaka mingi. Siku mtakapoifungua kweli, udongo wa miti uchorwe kwanza, kabla ya njia za magari, mabomba na taa. Na kabla ya hapo, waulizeni waliokuwa wakiishi mahali ile barabara ilipopita miti yao ilisimama wapi. Bado wapo. Si wengi, na kila majira ya baridi wanapungua.

Nawajuaje? Mimi ni mhudumu wa wazee. Kazi yangu mnaijua: kuamsha, kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka, kusikiliza. Hiyo ya mwisho haimo kwenye mkataba ila ndiyo inayochukua muda mrefu. Kati ya ninaowahudumia yupo bibi mmoja aliyevuka miaka tisini, mzaliwa wa vichochoro vya karibu na India Street, mtaa wa zamani wa Waitaliano. Aliniamuru nimwite Nonna, yaani bibi kwa Kiitaliano, nami nikatii kwa sababu hata kwetu mzee hapingwi kwa jambo dogo. Ameniruhusu kuyaandika aliyoniambia kwa sharti kwamba nisimtaje jina, maana, kwa maneno yake, wajukuu wa ndugu zake wangali wanagombania nyumba iliyobomolewa.

Nilipomwambia nataka kuandika kuhusu miti ya mtaa wao, alinikata kauli. "Usiwaambie ilikuwa peponi." Mbele ya nyumba yao palikuwa na elmu mmoja mkubwa. (Jirani zangu Wakongomani, nasema elmu, sisemi elimu, ni mti, na mkitaka kujua umbo lake fikirieni chupa ya maua yenye shingo nyembamba na mdomo uliopanuka.) Kiangazi vidukari waliujaa, wakadondosha utomvu mtamu unaonata, na Jumatatu ya kufua mama yake alikuwa akizianua shuka zina madoa kama zimemwagiwa chai. Mizizi iliingia kwenye bomba la maji machafu, mara mbili. Baba yake aliutukana mti ule kwa lahaja ya milimani ambayo, Nonna anasema, hata padre hakuielewa vizuri, na labda ilikuwa heri.

Kisha majani ya tawi moja la juu yakawa ya njano mwezi wa Juni, wakati miti mingine ni kijani kibichi. Mwaka uliofuata walikuja wakaukata. Siku hiyo baba yake hakwenda kazini. Alikaa kizingitini tangu asubuhi, kofia mapajani, hadi gogo la mwisho lilipopakiwa, akaingia ndani asiseme neno. "Na mimi nilidhani angesherehekea," Nonna akaniambia. Ninachokikumbuka zaidi katika habari zake ni pazia. Sebuleni walikuwa na pazia jekundu la kitambaa kizito, mama yake alilinunua kwa kudunduliza. Miaka yote halikupauka. Mti ulipoondoka, jua la saa nane mchana likaingia moja kwa moja, na kufikia kiangazi cha pili pazia lilikuwa rangi ya kamba wa kuchemsha.

Waheshimiwa, mkitaka kipimo cha kivuli, nimewapa. Mti mmoja kwa pazia moja.

Mnajua kuliko mimi kwamba Portland ilikuwa na jina la utani, Jiji la Msitu, na jina hilo lilitokana na elmu. Picha za zamani za barabara za hapa zinaonyesha matawi ya upande huu yakipindana na ya upande ule juu ya vichwa vya farasi, kama mapao ya paa ambalo halijaezekwa. Ni umbo la elmu wa Marekani: shina linapanda wima, halafu linagawanyika juu, linainama nje. Mafundi wa miji waliupenda kwa sababu hiyo hiyo, gari linapita chini na kivuli kinabaki juu. Wakaupenda mno. Wakapanda huo huo barabara baada ya barabara, kama mtu anayeweka akiba yake yote kwenye mtumbwi mmoja.

Ugonjwa ulioua miti hiyo unaitwa wa Kiholanzi kwa sababu wataalamu wa Uholanzi ndio walioutambua mapema, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Ni kuvu. Huchukuliwa na mbawakawa wadogo wanaotoboa gome, na ukishaingia mti hujaribu kujikinga kwa kuziba mishipa yake ya maji, ukajikuta umejinyonga wenyewe kwa kiu. Uliingia Marekani kwa magogo yaliyotoka Ulaya, ukaonekana Ohio mwaka 1930, na katikati ya karne ulikuwa umefika kwetu. Miti iliyosimama karibu iliambukizana hata chini ya ardhi, maana mizizi ya elmu waliopandwa mstari mmoja huungana.

Mkapanda mingine. Nasema mkapanda, ingawa waliopanda wameshakufa, kwa sababu ofisi haifi. Mara nyingi miji ya huku ilichagua mepo wa Norwei, mti mgumu wenye kivuli kizito, na mti mwingine uitwao eshi. Mepo ule ukatoroka mitaani ukaingia misituni, na tangu 2018 ni marufuku kuuza miche yake katika jimbo la Maine. Eshi nao umepata bungua wake, mdudu wa kijani anayeng'aa kama kidani, aliyetoka Asia. Aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na 2018 akaonekana Maine. Mabuu wake huchora njia za kupindapinda chini ya gome hadi mti unakatiwa chakula. Nimeona mwenyewe tundu lake la kutokea, dogo, upande mmoja bapa na mwingine duara, kama herufi D. Niliweka ncha ya kalamu ndani yake nikamfikiria baba wa Nonna.

Mara mbili basi jiji hili limekopeshwa somo moja. Mtaalamu mmoja wa miti wa serikali ya Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka 1990 kanuni ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuikariri: katika miti ya mji, aina moja isizidi asilimia 10, jenasi moja, yaani kundi la aina zilizo ndugu, isizidi 20, familia moja, yaani kundi la jenasi zilizo ndugu, isizidi 30. Naomba Franklin isipandwe mti mmoja wa mtindo kutoka juu hadi chini kwa sababu unapendeza kwenye mchoro. Wekeni na elmu pia. Zipo aina zinazostahimili ugonjwa, kama Princeton na Valley Forge. Chache tu, zikichanganywa na mialoni na mingine. Nonna anataka mmoja uwekwe mbali na kamba za nguo.

Sasa nirudi kwenye mtaa wenyewe, maana najua baadhi yenu mnaujua kwa migahawa tu.

Kigoma tunaiita mwisho wa reli. Wajerumani waliifikisha reli ya kati pale 1914, na mji ukakua ukiwa na tabia ya miji ya mwisho wa reli: kila anayeshuka amechoka, ana mzigo, na anauliza kazi iko wapi. Nilipohamia hapa nikagundua nimehama kutoka mwisho wa reli moja hadi mwingine. Reli ya Grand Trunk iliiunganisha Portland na Montreal mwaka 1853, kwa sababu mto wa kule huganda majira ya baridi na Kanada ilihitaji bandari isiyoganda. Kituo kilikuwa chini kabisa ya India Street, baharini. Jengo la ofisi zake bado lipo. Waitaliano waliokuja kufanya kazi za reli, gati, mawe na ujenzi hawakwenda mbali, walipanga vyumba kwenye vichochoro vilivyopanda kutoka pale. Mwaka 1902 Giovanni Amato, aliyekuwa akiuza mikate kwa wapakuzi wa meli, akaanza kuipasua na kujaza nyama, jibini na mboga, na hadi leo Maine nzima mkate ule unaitwa "Italian" tu, bila nyongeza. Duka lipo palepale India Street. Kanisa la Mtakatifu Petro lipo Federal Street, na sikukuu yake ya mwezi wa Agosti hujaza barabara harufu ya kitunguu na pilipili hoho kiasi cha kumwamsha aliyekesha kazini, nami ni shahidi.

Lakini mtaa ule haukuwa wa Waitaliano peke yao, na hili Nonna mwenyewe analisisitiza. Walikuwapo Wayahudi, Waayalandi. Na kabla ya wote, Newbury Street, palikuwa na Weusi huru waliojenga jumba la ibada la Abyssinian kuanzia mwaka 1828. Jumba hilo limesimama mpaka leo. Tarehe 4 Julai 1866 moto ulianza karibu na bandari, watu wakidhani ni fashifashi za sikukuu, ukateketeza majengo kama 1,800 na kuacha watu kama 10,000 bila makazi. Mzimamoto Mweusi aitwaye William Wilberforce Ruby alilipanda paa la Abyssinian akalifunika kwa mablanketi yaliyoloweshwa maji, likapona. Kila ninapopita pale na watoto wa kanisani kwetu huwaonyesha paa. Wanauliza mablanketi yalikuwa mangapi. Sina jibu, ila ni swali zuri.

Baada ya moto huo wakuu wa jiji walifanya jambo ambalo lingepaswa kuwapa moyo nyinyi. Katikati ya majivu, wakati kila mtu alikuwa na haki ya kudai kiwanja, walitenga eneo lisijengwe: bustani, leo Lincoln Park, hatua chache kutoka kwenye jumba la jiji mnalokalia. Walitaka nafasi ya wazi itakayouzuia moto ujao kuruka. Wakapanda miti, baadaye wakaweka chemchemi ya chuma. Yaani hata siku zile za mahema, mtu aliketi akachora mti kabla ya nyumba.

Karne moja baadaye mchoro uligeuka. Mwaka 1958 vilibomolewa vichochoro vya Vine, Deer na Chatham kwa jina la kuufanya mji upya. Mwaka 1967 kampuni ya Victor Gruen, mbunifu mzaliwa wa Vienna mwenye sifa ya kubuni maduka makubwa ya ndani, ililetea jiji mpango wa kuuhuisha mji, na ndani ya fikra za namna hiyo barabara pana ya magari ya kutoka nje ya mji ilionekana kama dawa. Franklin, uliokuwa mtaa wa kawaida wenye nyumba pande mbili, ukatanuliwa. Federal na Newbury zikakatwa vipande viwili. Ukingo wa mashariki wa Lincoln Park ukamegwa, bustani iliyozaliwa na moto ikaliwa na lami. Familia zikatawanyika, nyingine Deering, nyingine ng'ambo ya maji South Portland, na walichobaki nacho pamoja ni kanisa na sikukuu ya Agosti.

Nilimpeleka Nonna mwaka jana kwa ruhusa ya watu wake. Mnajua kwamba katikati ya Franklin kuna ukanda mpana wa majani, ambao hakuna anayeketi wala kucheza, maana magari yanapita pande zote mbili. Tulisubiri taa, nikasukuma kiti chake cha magurudumu hadi kwenye yale majani. Akatazama jengo moja analolifahamu upande mmoja, akatazama mnara wa upande mwingine, akapiga hesabu yake kwa kidole, akasema, "Sogea mbele kidogo. Kidogo tena. Hapo." Nikamuuliza hapo ni nini. "Jiko la bibi yangu. Umesimama kwenye jiko la makaa."

Nikaruka. Naapa niliruka.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza kunionyesha: hapa mlango wa nyuma, hapa ngazi za kushukia ghala la chini walikokamulia zabibu (neno mvinyo alilielewa mara moja, kwao ni vino, tukakubaliana kwamba mabaharia ndio wa kulaumiwa), na pale kwenye ukuta uliopata jua, mtini wa babu yake. Mtini haustahimili baridi ya Maine. Babu alikuwa akiupogoa mwezi wa Novemba, anaikata mizizi ya upande mmoja, anaulaza kwenye handaki kama maiti, anaufunika mbao, majani makavu, magunia na udongo. Aprili anaufukua. Wajukuu walikuwa wakiambiwa wavue kofia wakati wa kulaza, na kupiga makofi wakati wa kufukua. Tini zilikuwa kama ishirini kwa mwaka, Nonna anakadiria, na ugomvi wa tini thelathini.

Kwa hiyo wananipa kicheko wanaosema watu wa mjini hawana muda wa kumwagilia mti. Wapo watu katika mji huu waliouzika mti kila mwaka kwa mikono yao ili uishi.

Na kama mnaona hiyo ni hadithi ya bibi, yupo mfano wa karibu unaojulikana nchi nzima. Yarmouth, mwendo mfupi kwa gari kaskazini ya hapa, palikuwa na elmu aliyeitwa Herbie. Frank Knight, mlinzi wa miti wa mji ule, alishindwa kuwaokoa elmu wengine walipoanza kufa, akaamua angalau huyu mmoja hatakufa mikononi mwake. Kwa nusu karne alimuuguza, akikata matawi yaliyoambukizwa kila ugonjwa uliporudi. Herbie alikatwa Januari 2010, Knight akiwa na miaka 101 na akitazama. Pete za shina zilihesabiwa, zikawa 217. Knight alifariki 2012 akiwa na miaka 103, akazikwa katika jeneza la mbao za Herbie, walizomtengea bila yeye kujua. Huyu alikuwa mtumishi wa halmashauri, Waheshimiwa. Mwenye cheo kama vyenu au kidogo kuliko vyenu.

Sasa sisi. Mwezi wa Juni 2019 mabasi yalianza kushusha watu kutoka mpakani Texas, na jiji likawafungulia Expo, ukumbi wa michezo, zaidi ya watu mia nne wakalala kwenye vitanda vya kambi kwenye uwanja wa mpira. Wengi walikuwa Wakongomani na Waangola waliovuka kwa miguu msitu wa Darien, kati ya Kolombia na Panama. Mwaka 2023 ukumbi ukafunguliwa tena. Nilikwenda kutafsiri. Jambo moja lilinishangaza: mchana, joto lilipopanda ndani, kina mama walitoka na watoto wakaenda moja kwa moja, bila kuulizana, chini ya miti. Hawakuijua hata kwa jina. Mmoja alikuwa ameshatandika kitenge na kumsuka mwenzake kabla sijamaliza kumweleza choo kilipo. Mti ulikuwa ofisi ya kwanza ya jiji hili kuwapokea bila fomu.

Kigoma barabara kuu inayopanda kutoka stesheni ina miembe mikubwa kandokando. Hakuna anayeizungumzia, kama vile hakuna anayezungumzia ukuta wa nyumba yake. Chini yake wapo mafundi baiskeli, wauza dagaa, wanafunzi wanaongoja mvua ipite. Mimi nilijifunza kusoma gazeti chini ya mmojawapo, la mtu mwingine, kwa kuchungulia. Kivuli cha barabarani hakidai kodi ya pango. Huku, kwenye vituo vya basi vya karibu na Franklin, mama mwenye pacha na mfuko wa chakula husimama juani kwa sababu pembeni pameachwa kwa ajili ya kuongeza mwendo wa magari ya watu wasioishi hapa. Hilo halikuamuliwa na yeyote kati yenu, liliamuliwa kabla hamjaajiriwa. Lakini penseli sasa mnayo nyinyi.

Niseme kuhusu udongo, ambao ndio kiini cha barua na ndio hukatwa kwanza bajeti ikibana. Shimo la mti la mjini mara nyingi huwa mita moja na robo kila upande, kina chini ya mita moja. Pigeni hesabu: haifiki hata mita za ujazo mbili. Mti mkubwa wa kivuli, kwa makadirio yanayotumiwa sana na wabunifu wa mandhari, unahitaji kama mita za ujazo 28 za udongo usioshindiliwa. Kuupanda mwaloni kwenye shimo lile ni sawa na kuupanda mwembe kwenye ndoo na kuulaumu mwembe. Mizizi mingi ya mti haiendi chini kama watu wanavyodhani, hutambaa karibu na uso wa ardhi ikitafuta hewa na maji. Ikikuta udongo umegongwa kuwa saruji, hunyanyua matofali ya njia ya miguu, au hugeuka kuelekea bomba, kama ule wa baba wa Nonna. Dawa inajulikana: handaki moja refu la udongo chini ya njia ya miguu, miti ikishirikiana, juu yake sakafu iliyoshikiliwa isishindilie chini. Ni ghali kuongezwa baadaye. Ni nafuu kiasi barabara ikiwa tayari imefunguliwa, na Franklin itakuwa imefunguliwa mara moja tu katika maisha ya sisi sote tunaosoma barua hii.

Najua mtakayojibu. Chumvi ya theluji: chagueni aina zinazoivumilia, na msiweke mti mahali trekta la theluji linapomwaga rundo. Nyumba: kweli zinahitajika, mimi mwenyewe kodi ya nyumba inaninyima usingizi, na kama ardhi itakayobaki Franklin ikibanwa itajengwa nyumba za watu wa kipato changu nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Lakini watu wa nyumba hizo nao watakuwa na mapazia. Ikibidi kuchagua kati ya safu ya maegesho na safu ya miti, mnajua kura yangu iko wapi, na kwa hilo niko tayari kugombana hata na binamu yangu mwenye gari.

Kumwagilia: mche mpya unahitaji lita kama 60 hadi 75 kwa wiki wakati wa kiangazi, miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ndoo nne. Bandikeni kwenye kila mche kibao cha Kiswahili, Kifaransa, Kilingala, Kireno, Kisomali na Kiingereza, kiandikwe tu "Ndoo nne Jumamosi". Mtashangaa. Mimi nimeshapata watu kumi na moja kanisani, na mzee mmoja wa Kisomali msikitini ambaye amesema atamwagilia Ijumaa kwa sababu hawaamini watu wa Jumamosi.

La mwisho ni la haraka kuliko yote. Kabla ya mchoro, itisheni siku moja, mwezi wa Agosti wakati wa sikukuu ya kanisa la Mtakatifu Petro, watoto wa vichochoro vile wanaporudi. Zuieni magari upande mmoja wa Franklin kwa saa tatu. Leteni ramani ya kabla ya 1958, kamba, chaki na viti. Waacheni waonyeshe. Hapa elmu, hapa mtini, hapa bomba lililoziba. Waiteni na wazee wa jamii ya Abyssinian, na Wayahudi waliobaki. Mahali ambapo watu watatu watakubaliana kwamba palikuwa na mti, pigeni kigingi, na mhandisi aanzie hapo. Mahali watakapobishana, pigeni vigingi viwili.

Viti vya magurudumu vitahitaji ubao wa kuvukia ukingo wa njia. Safari ile nilikinyanyua kiti peke yangu na mgongo ukanilipiza wiki nzima. Maji ya kunywa pia, na mwavuli, maana pale kwenye majani jua ni kali kuanzia saa tano.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Mkazi wa Munjoy Hill, mhudumu wa wazee, mtu wa mwisho wa reli

Nakala: Nonna, ambaye atasomewa kwa Kiingereza kesho baada ya kifungua kinywa, na ambaye ameshaniambia kwamba tini hazikuwa ishirini, zilikuwa ishirini na sita.